Vijana wa panga wakirudi tena: Wasomi wetu wa uhalifu wako wapi?

Mambo haya tumeyazoea mpaka hayatushtui tena. Jioni moja kundi la vijana, wengine hata ndevu hawajaota, linatokea vichochoroni Kisauni au Likoni na mapanga mkononi. Duka linavunjwa, anayetoka msikitini ananyang'anywa simu, mama anayekaanga viazi kando ya barabara anakatwa mkono. Kesho yake viongozi wanafika na kamera zao. Polisi wanatoa onyo kali. Vijana wanazolewa kwa malori, wenye hatia pamoja na waliokuwa wameketi maskani wakinywa kahawa. Mtaa unatulia wiki mbili tatu. Baada ya miezi michache mapanga yanarudi, na hotuba zilezile zinarudi nayo.

Katika mzunguko huu wote wanasikika mbunge, kamanda wa polisi, imamu, mchungaji, wanaharakati wa haki na wazazi wanaolia, wa pande zote mbili. Asiyesikika ni mtu aliyesomea uhalifu wenyewe. Vyuo vikuu kadhaa nchini vinafundisha kriminolojia, yaani taaluma inayochunguza uhalifu, wanaoutenda, wanaoumizwa nao na jinsi jamii inavyoujibu. Kila mwaka vijana wetu wanafuzu na shahada hiyo. Wengi wao wanatafuta kazi ya usimamizi katika kampuni za ulinzi au nafasi katika vyombo vya usalama. Si vibaya, kazi ni kazi. Lakini taaluma nzima ikiwa ni ngazi tu ya kuingilia kazi ya ulinzi, nani atatuambia kwa nini mapanga hayaishi?

Swali hili si la wasomi peke yao. Kila msimu wa mapanga husikika sauti zinazotaka vijana hao wapigwe risasi bila maswali. Serikali ikikosa maarifa ya kuifanyia kazi, itafanyia kazi hasira. Na hasira ikishika bunduki, anayekufa si lazima awe ndiye aliyeshika panga.

Swali la zamani: ni nani, au ni wapi?

Kriminolojia haikuanza vizuri. Mwaka 1876 daktari wa Kitaliano, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba wanatambulika kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Alipima vichwa vya wafungwa na maiti. Alichokosa ni kipimo cha haki cha kuwalinganisha na watu wa kawaida, na wenzake walipolinganisha kwa makini nadharia yake ilianguka.

Nadharia ilianguka, tabia ikabaki. Hapa kwetu serikali ya kikoloni haikuhitaji kupima vichwa. Kuanzia mwaka 1920 ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye alama za vidole, na asiyekuwa nacho alikuwa mkosaji papo hapo. Hakuulizwa amefanya nini. Leo kijana wa Kisauni mwenye nywele za rasta na suruali iliyoteremka anajua vizuri jinsi macho ya askari yanavyompima. Lombroso amekufa tangu 1909, lakini bado anapiga doria mitaani mwetu.

Swali bora zaidi liliulizwa Chicago. Clifford Shaw na Henry McKay walikusanya rekodi za mahakama za watoto za miongo kadhaa, wakaweka makazi ya kila mtoto aliyeshtakiwa kwenye ramani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1942. Waliona kwamba mitaa iliyokuwa na uhalifu mwingi iliendelea kuwa nao hata wakazi wake walipobadilika. Walihama Wajerumani na Waairishi, wakaja Wataliano na Wapolandi, kisha Wamarekani weusi. Kabila lilibadilika, mtaa ukabaki vilevile. Na waliohama kwenda mitaa mizuri hawakubeba uhalifu begani. Kwa hiyo tatizo halikuwa damu ya watu. Lilikuwa hali ya mahali: umaskini, watu kuhamahama, na taasisi dhaifu zisizoweza kuwaangalia vijana.

Karibu na kwetu, Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha vitongoji viwili vya maskini jijini Kampala, kimoja chenye uhalifu mwingi na kingine chenye uhalifu mdogo. Kitabu chao kilichapishwa mwaka 1973. Umaskini ulikuwepo kote kuwili. Tofauti ilikuwa katika uhusiano wa majirani. Kwenye uhalifu mdogo watu walitembeleana zaidi, walishiriki zaidi vikundi vya mtaa na walijiona kitu kimoja. Nusu karne imepita. Sisi Pwani, tunaopenda kusema kwamba zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuliendeleza swali hilo: ni nini kilichovunja ujirani huo, na kwa nini umevunjika mitaa fulani na si mingine?

Tunahesabu nini?

Kenya ina kituo chake cha utafiti wa uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mwaka 2012 kilitoa utafiti kuhusu magenge nchini. Kwa hiyo si kwamba hatuna pa kuanzia. Shida ni kwamba mjadala wetu unategemea zaidi takwimu za polisi, na takwimu za polisi zinahesabu kile tu kilichoripotiwa na kuandikwa.

Ebu jiulize, msomaji. Jirani yako akikatwa panga na kijana anayemjua kwa jina, na mamake kijana huyo ni jirani wa nyumba ya tatu, atakwenda kituoni? Wengi hawaendi. Wengine wanaogopa kurudiwa. Wengine wanaona ni kupoteza nauli. Lakini hata asiyekwenda polisi atakwenda kushonwa.

Jambo hili aliliona daktari mpasuaji wa Cardiff, nchini Uingereza, Jonathan Shepherd. Aligundua kwamba majeruhi wengi wa ugomvi waliotibiwa hospitalini hawakuwa kwenye rekodi za polisi. Ukaanzishwa mpango rahisi. Mapokezi ya majeruhi wanamwuliza mgonjwa alipigiwa wapi hasa, saa ngapi, na kwa silaha gani. Jina linaondolewa. Taarifa inafika kwa kamati ya polisi, manispaa na hospitali. Polisi wakapelekwa sehemu na saa zilizoonekana kuwa za hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba majeruhi wa vurugu waliolazwa Cardiff walipungua kuliko katika miji mingine inayofanana nao.

Sasa fikiria hospitali kuu ya Pwani, ambayo wengi tunaiita Makadara, pamoja na zahanati za Kisauni, Likoni, Changamwe na Mtwapa. Wauguzi wa hapo wanajua wanashona majeraha ya panga usiku gani na kutoka mitaa gani. Ujuzi huo unaishia kwenye daftari. Wanafunzi wanne wa kriminolojia, kompyuta moja na makubaliano ya kutunza siri za wagonjwa vingetupa ramani ambayo haina mtu mpaka leo. Hiyo ndiyo kazi ya taaluma: kuhesabu kisichohesabiwa.

Dagaa na papa

Kosa la pili la kriminolojia tuliyonayo ni kutazama chini tu. Mwaka 1939 Mmarekani Edwin Sutherland aliwahutubia wanasosholojia wenzake akawaambia kwamba wameujenga uelewa wao wa uhalifu juu ya maskini, huku wenye makoti na tai wakiiba zaidi bila kuitwa wezi. Alipotoa kitabu chake mwaka 1949, wachapishaji walimlazimisha aondoe majina ya kampuni. Kitabu kamili chenye majina kilitoka mwaka 1983, akiwa amekufa zamani.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kumwelewa. Unga umekula vijana wetu kwa miongo. Mateja tumewaona wakikamatwa, wakifungwa, wakitoka, wakikamatwa tena. Lakini Baktash na Ibrahim Akasha wa hapa Mombasa walipopatikana na hatia ya biashara ya dawa za kulevya, haikuwa mahakama ya Kenya iliyowafunga. Ilikuwa ya New York, iliyompa mmoja miaka 25 mwaka 2019 na mwengine miaka 23 mwaka 2020. Dagaa wamenaswa hapa, papa wamevuliwa Marekani.

Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa na idara ya mahakama na washirika wake mwaka 2017 ulieleza jambo hilo kwa upana wake: mfumo wetu unawaelemea maskini, na makosa madogo kama ulevi na uzururaji ndiyo yanayojaza korokoro na mahakama. Kijana anayewekwa rumande kwa kosa dogo anakaa chumba kimoja na wakubwa wa kazi. Akitoka, ametoka na marafiki wapya.

Na kuna madhara makubwa yasiyobeba panga kabisa. Shakahola, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni.  Kulikuwa na mahubiri, njaa na taasisi zilizotazama upande mwingine. Kriminolojia inayofundisha ulinzi wa mageti haina la kusema juu ya Shakahola. Kriminolojia inayouliza ni vipi watu wanaumizwa, na nani alipaswa kuzuia, ina mengi ya kusema.

Dawa ya moto si moto kila mara

Tunapenda methali isemayo dawa ya moto ni moto. Ni methali nzuri, lakini si utafiti. Marekani walikuwa na mpango maarufu wa kuwapeleka vijana watukutu gerezani New Jersey, wafungwa wa vifungo virefu wawapigie kelele na kuwatisha. Filamu yake ya mwaka 1978 ilishinda tuzo ya Oscar, na miji mingi ikaiga. Watafiti walipokuja kulinganisha vijana waliotishwa na wenzao wasiopelekwa, waliona waliotishwa ndio waliozidi kufanya makosa. Kila mtu alikuwa na nia njema. Kila mtu aliona kwa macho vijana wakilia. Na mpango ulikuwa unadhuru.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na kila kiongozi wetu kabla ya kutangaza mkakati. Mei 2024 kaunti za Pwani, Mombasa na Kilifi zikiwemo, zilitangaza marufuku ya muguka, na mahakama ikasimamisha amri hizo. Waliounga mkono na waliopinga walirushiana maneno wiki nzima. Labda marufuku ingesaidia, labda ingehamisha biashara vichochoroni na kuwapa magenge bidhaa mpya ya kuuza. Aliyekuwa na hakika alikuwa nayo moyoni. Takwimu za mtaani za kuamulia ubishi huo hazikuwekwa mezani.

Kuna njia iliyopimwa, tena Afrika. Monrovia, mji mkuu wa Liberia, watafiti walishirikiana na shirika la wenyeji kuwafikia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, uuzaji wa dawa na ugomvi wa mitaani. Wengine walipewa mafunzo ya wiki nane ya kudhibiti hasira, kupanga maisha na kujiona upya kama watu wa kawaida katika jamii. Waliofundisha walikuwa wenyewe wametoka maisha hayohayo. Wengine walipewa dola 200 tu, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote, ili matokeo yalinganishwe. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Fedha peke yake hazikubadilisha tabia kwa muda mrefu. Mafunzo peke yake yalisaidia kisha nguvu yake ikafifia. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na vurugu, na watafiti waliporudi baada ya miaka 10, bado makosa yao yalikuwa chini kwa karibu nusu.

Sisemi tuchukue mpango wa Monrovia tuupandikize Bombolulu kama ulivyo. Liberia ilitoka vitani, sisi hatukutoka huko. Ninachosema ni kwamba wenzetu walijaribu, wakapima, wakarudi kupima tena. Hapa kwetu miradi ya kurekebisha vijana huanza kwa fulana na mabango, huisha fedha za wafadhili zikiisha, na hakuna anayerudi kuuliza vijana wale wako wapi.

Aliyekatwa mkono atasema nini?

Najua mama wa viazi aliyekatwa mkono hatafurahishwa na makala haya. Ataniuliza: utafiti utanishonea jeraha? Nani atanilinda usiku wa leo? Ana haki ya kuuliza, na taaluma isiyoweza kumjibu haina maana.

Jibu la kwanza ni kwamba kumwelewa mhalifu si kumtetea. Anayekata watu akamatwe leo, si kesho. Ila tangu mwaka 1764 Cesare Beccaria aliandika jambo ambalo utafiti wa baadaye umeendelea kuliunga mkono: kinachozuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Kijana wa panga haogopi miaka ya kifungo ikiwa anajua shahidi hatafika mahakamani. Kwa hiyo fedha zinazotumika kwa msako wa malori zingefanya kazi zaidi kwa upelelezi mzuri na ulinzi wa mashahidi. Kumzoa kila aliye maskani hakuongezi uhakika huo hata kidogo. Kunamfundisha asiye na hatia kwamba kukamatwa hakuna uhusiano na kutenda.

Jibu la pili ni kuhusu umri. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha mema na mabaya mpaka ithibitishwe vingine. Inatoa pia njia ya kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa mahakama na kumrekebisha. Magenge yetu yanachukua watoto wa umri huohuo. Kama hatuna pa kuwapeleka ila korokoroni au mtaani walikotoka, sheria ile nzuri itabaki karatasi, na wananchi wataiona kama kinga ya wahuni.

Baraza, kwa tahadhari

Mnorwe Nils Christie, mmoja wa wanakriminolojia waliosomwa sana karne iliyopita, alianza makala yake maarufu ya mwaka 1977 na kisa alichokiona mkoa wa Arusha, Tanzania. Wachumba waliovunja uchumba wao walikuwa wakigawana vitu mbele ya kijiji. Kila mtu alizungumza, watu walicheka, na wenye ugomvi walikaa katikati. Akalinganisha na mahakama za kwao, ambako mawakili huuchukua ugomvi na wenyewe hukaa kimya. Hoja yake ilikuwa kwamba ugomvi ni mali ya jamii, na serikali imeipora.

Yaani msomi wa Ulaya alikuja kujifunza kutoka kwetu, nasi tunangoja Ulaya itufundishe. Baraza zetu, wazee wa mitaa na kamati za nyumba kumi ni hazina. Lakini tusizipambe kupita kiasi. Tunajua maslaha ya wazee yamezika kesi ngapi za wasichana waliobakwa, fidia ikaenda kwa baba na aibu ikabaki kwa binti. Makosa hayo si ya baraza, ni ya mahakama. Na kamati ya mtaa ikigeuka kuwa kikundi cha kupeleka majina ya vijana polisi kwa siri, watu watanyamaza. Kazi ya mtafiti ni kutuonyesha ni mambo gani baraza inayatengeneza na ni yapi inayaharibu, mtaa kwa mtaa.

Tufanyeje

Naona mambo manne yanawezekana bila kungoja Nairobi. Kwanza, kaunti inasimamia hospitali, kwa hiyo inaweza kuanza kukusanya taarifa za majeraha kama Cardiff. Pili, kila fedha ya umma inayopewa mradi wa vijana iambatane na sharti la kupima matokeo, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya. Tatu, vyuo viwapeleke wanafunzi wa kriminolojia mitaani, korokoroni, Shimo la Tewa na kliniki za methadoni kwa muda wa kutosha, wakae na watu kabla ya kuandika juu yao. Nne, waliotoka kwenye magenge waajiriwe kuwafikia walio ndani. Wanajua njia ya kuingia, na wao tu ndio wanaojua njia ya kutoka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pwani tumejenga kuta nyingi, tena zingine zina vigae vya chupa na nyaya za umeme juu. Ufa bado upo. Taaluma ya uhalifu ina kazi moja kubwa kwetu: kutuonyesha ufa uko wapi hasa, na kutuambia ukweli tunapoziba pasipostahili. Msimu ujao wa mapanga ukifika, kabla ya kiongozi kusema "piga risasi", awepo mtu mezani mwenye ramani.